Unga Uliosimama

Wiki iliyopita niliwaacha pale Sadallah, mkubwa wa kijiji jirani cha Chiwata, alipoushika mkono wa baba mkwe wangu, akaubinyabinya kuanzia kiganjani hadi begani, kama mtu achaguaye muhogo gulioni. Leo naendelea, ingawa mate ya kichefuchefu hunijaa mdomoni kila nikifika hapa.

Kwa aliyekosa ya nyuma: mimi ni Bwanali, mpwa wa Nurdini, mwenye ngoma wa Makote. Mwaka wenyewe ni ule ambao baadaye watu waliuita mwaka wa vita vya maji, Mdachi akitawala. Nimekwisha kusimulia jinsi tulivyomzika mtoto wetu wa kwanza, jinsi kaka zangu wawili walivyochukuliwa kwenda kulima pamba ya akida wasirudi, na jinsi ngoma yetu ilivyoshindwa mara mbili mfululizo mbele ya watu. Wapo wanaodhani hilo la tatu ni dogo. Hao hawakuzaliwa kwetu.

Kwetu, mavuno yakishaingia ghalani, kijiji kilialika kijiji. Wapigaji walikaa huku na wapigaji wakakaa kule, na waamuzi walikuwa wanawake. Walicheza walipopenda. Wakianza kukuhama, mmoja mmoja, wakaenda kucheza mbele ya ngoma ya wenzako, umeshindwa, na mwaka mzima utaimbwa mashambani.

Tulikuwa katikati ya msimu. Tulikuwa tumeshinda mara tatu na kushindwa mara mbili. Mialiko minne ilikuwa imebaki.

Mpigaji wetu mkuu alikuwa Sijaona, baba yake mke wangu Stamili. Alikuja kwetu kijana, kafungwa shingo katika msafara uliotoka ng'ambo ya Ruvuma, na bibi yangu akamtoa msafarani kwa kaniki mbili na kibaba cha chumvi. Sisi tulisema amemkomboa. Tukampa jembe, tukampa mke, tukampa msondo, ile ngoma ndefu inayoziongoza nyingine zote. Akaupiga miaka thelathini. Tulimwita ndugu. Siku ile ya Sadallah ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tukimwita tu.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Miaka tisa nilipiga vinganga, vile vingoma vidogo vya kufuata, nikingoja bega lake lichoke. Alinifundisha yote kasoro mdundo mmoja: ule wa kuwaita watu vitani, alioupiga siku Magwangwara, wale Wangoni, walipotushukia na mikuki yao. Huo alisema hautafundishwa. Atakwenda nao kaburini, na kaburi liufunike.

Sasa Sadallah alikuwa amekaa uani kwa Mjomba Nurdini, anakula kuku wetu, na shauri alilolileta lilikuwa fupi. Tumpe Sijaona leo, msimu ukiwa katikati. Yeye atatoa wapwa zake wawili, Yohana na Mrisho, vijana wa miaka ishirini hivi, wapigaji wote wawili, wawe wetu moja kwa moja.

Watu wa Chiwata ni watani wetu, kwa hiyo shauri lilianza kwa matusi, kama inavyopasa. Sadallah alisema anatuonea huruma sisi watu wa juu, tunaooga kwa umande na kunawa kwa mate. Mjomba akamjibu kwamba heri umande, kuliko maji ya bondeni ambayo nyani huogea kwanza. Wakacheka, mafuta ya kuku yakiwatiririka viganjani.

Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kumpima mtu.

Wazee wetu wanne walikuwepo. Mmoja alisema chungu kilichopo jikoni hakiondolewi kabla chakula hakijaiva; tukiwa na Sijaona tutashinda mialiko minne iliyobaki, tumalize mwaka vichwa juu. Wa pili alisema chungu chenyewe kina ufa. Magoti yamekwisha. Jogoo wa kwanza akiwika, Sijaona anaomba kupumzika. Mwaka huu tutashinda, na mwakani? Na mwaka wa baada ya mwakani? Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na hawa hapa ni samaki wawili.

Vijana wakaitwa. Wakapiga. Mdundo wao ulikuwa mmoja, mwepesi, unaoruka, na lazima niseme kweli, ulikuwa mzuri. Mrisho alikuwa na mkono wa kushoto usioonekana ukienda. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasimama akawapapasa mabega.

Sijaona naye akaitwa tena. Hakuambiwa kwa nini. Alipiga kidogo, akafunua viganja vyake walipomwomba. Mzee mmoja akamwambia afungue kinywa, akamtazama meno.

Meno na ngoma vina undugu gani? Sijaona alifungua kinywa bila kuuliza. Yeye na yule mzee walikuwa wanakumbuka kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake. Mdachi alikuwa amepiga marufuku biashara ile ya watu, na wazee wetu walikuwa wakisema neno "kubadilishana" kila mara, kwa sauti, kama mtu anayetafuna karafuu kuficha harufu ya kinywa.

Sijaona akarudi nyuma ya ua kuikausha ngoma yake kwa moto wa nyasi. Alikuwa hatua kumi na mbili kutoka tulipokaa. Ua ulikuwa wa mabua.

Mjomba akanigeukia. "Bwanali, wewe unakaa naye. Bega lake likoje?"

Ningeweza kusema bega la Sijaona ni zima. Ningeweza kusema sijui, mkwe hamchunguzi mkwe. Nikasema kila asubuhi Stamili humkanda kwa mafuta ya mbarika, na kwamba tangu mwezi uliopita hawezi kutundika jembe mwenyewe, mimi ndiye ninayelitundika.

Hiyo ilikuwa siri ya nyumba yangu. Niliitoa uani kwa watu wenye mafuta midomoni, na nilipokwisha kuisema nikajiona mtu wa maana.

Wazee waligawanyika, wawili huku, wawili kule. Mjomba akasema basi, hili si la kuamuliwa na walio hai. Kesho alfajiri tutamimina unga.

Kwetu mambo makubwa yaliulizwa shinani mwa msolo, mti wa wazee wetu waliotangulia. Unga wa mtama, mkavu, uliosagwa siku hiyohiyo, ulimiminwa kidogo kidogo kutoka kiganjani, ukajijenga kama kichuguu chembamba. Ukafunikwa na chungu. Kesho yake chungu kiliinuliwa. Ukiukuta umesimama na ncha yake, wazee wamekubali. Ukiwa umeporomoka, wamekataa, na shauri limekufa. Kazi ile ilikuwa ya watu watatu wa tumbo moja: mpwa hubeba, dada humimina, mjomba hutazama.

Mpwa nilikuwa mimi. Dada alikuwa mama yangu, Kibibi.

Mama alisaga unga gizagiza, akanikabidhi kikapu. Kutoka kwake hadi kwenye msolo njia ilipita nyumbani kwangu. Stamili alikuwa ameshateremka bondeni kuchota maji. Ninyi mnaofungua bomba hamjui maana ya neno hilo. Mwanamke wa Makote aliondoka jua halijatoka, akashuka genge, akapanga foleni kwenye kisima cha mchanga, akapanda genge na mtungi kichwani, akafika jua likiwa utosini. Maji yalikuwa na uzito wa miguu ya mtu.

Mlangoni palining'inia kibuyu cha maji ya jana. Nilijua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba unga mkavu wa mtama huteleza. Katika mara tano huporomoka nne. Nilijua pia kwamba mtama ukipata unyevu kidogo hushikana.

Msondo ulikuwa ndani, umeegemezwa ukutani. Niliutazama. Nikazibua kibuyu, nikajaza maji mdomoni, nikaupulizia unga wa wazee wangu kama fundi viatu anavyopulizia ngozi. Mara moja. Nikaukoroga kwa vidole. Nikapulizia tena.

Mate yangu yalikuwemo. Hilo ndilo linalonirudia kuliko yote. Chakula cha waliokufa nilikitemea mate, kwa maji aliyoyabeba mke wangu, ili baba yake auzwe.

Neno lenyewe ndilo hilo. Nimelizunguka kwa wiki sita katika gazeti hili.

Mama alitia mkono kikapuni. Mkono ule ulikuwa umeshika unga kila siku ya uhai wake. Ulisita. Mama hakunitazama. Akamimina, na kichuguu kikapanda chembamba, kikali, kizuri kuliko chochote ambacho wazee wale walikuwa wamewahi kukiona.

Kesho yake chungu kiliinuliwa, na ncha ilikuwa palepale.

Sijaona alipoambiwa, aliomba jambo moja tu: atuage nyumbani, mimi na binti yake. Stamili alikuwa amejifungia jikoni. Pili, mtoto wetu wa miaka mitatu, alikuwa amekaa juu ya mguu wa babu yake.

"Shikamoo, Baba," nilisema.

"Marahaba, mkwe." Alikuwa akifunga kitambaa begani, kwa mkono mmoja. "Bibi yako alinitoa kwa kaniki mbili na chumvi. Leo natolewa kwa vijana wawili wazima. Unaona nilivyopanda."

Alicheka peke yake. Kisha akauliza, "Unga ulisimama?"

"Ulisimama, Baba."

"Uliuona wewe, kwa macho yako?"

"Niliubeba mimi."

"Basi," alisema. "Mizimu ya kwenu haijawahi kunijua kwa jina. Nimeitolea jogoo miaka thelathini, kimya. Leo imenitaja. Mtu akitajwa, huitika."

Akaamini. Angekataa, angelia, angenitukana, ningepata pa kushika. Aliamini, akabeba mkeka wake, akashuka genge nyuma ya Sadallah bila kugeuka.

Jioni Stamili alitoka jikoni akaniuliza neno moja tu, kama ni mimi niliyekunywa maji ya kibuyu cha mlangoni. Mwanamke wa kwetu hujua maji yake yalipoishia, kama mfugaji anavyojua mbuzi wake. Nikasema ni Pili. Akampiga Pili kofi kwa kupoteza maji, na mtoto akalia akinitazama mimi.

Nikakaa kwenye msondo.

Mwaliko wa kwanza, na watu wa Kitangari, tulishinda. Ule mdundo wa vijana uliwahamisha wanawake wa Kitangari wote, hata wazee wenye mikongojo. Mjomba alinibeba mgongoni. Watu walisema wazee wetu wana macho. Tena walikuwa na ushahidi: siku nane zilikuwa zimepita na kile kichuguu cha unga kilikuwa bado kimesimama shinani mwa msolo. Upepo wa Kusi unaopeperusha hata makuti ulikuwa umekishindwa. Mjomba akakizungushia miti. Watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kukitazama, wakavua kofia. Mmoja alikigusa kwa ncha ya kidole, akasema kimegeuka jiwe.

Kilikuwa uji uliokauka. Mtoto yeyote aliyewahi kuacha sufuria bila kuiosha angewaambia.

Mwaliko wa pili ndio uliotuvua nguo. Wapinzani walianzisha wimbo wa mwendo wa polepole, wa mapigo matatu. Nikabadilisha msondo kuwafuata. Nyuma yangu Yohana na Mrisho wakaendelea na mdundo uleule unaoruka. Nikawakonyeza. Wakaendelea. Nikawafokea kwa mkono wa ngoma, kama Sijaona alivyokuwa akinifokea mimi. Wakaendelea, jasho likiwatoka, macho yamewatoka, kama watu wanaovuka mto kwa gogo moja na hawathubutu kutazama kando.

Wanawake wetu wakaanza kuhama. Aliyetangulia alikuwa Stamili. Alivuka uwanja taratibu, katikati kabisa, ili kila mtu amwone mke wa mpiga msondo anakwenda kucheza kwenye ngoma ya wageni.

Jua la kesho yake lilinikuta nimemshika Yohana shati nyuma ya ghala. Nilimtaka aniambie amejifunza ngoma kwa nani. Alikuwa kijana mpole, amesoma kidogo kwa wamisheni wa Masasi. Hakujitetea.

"Kaka Bwanali, sisi si wapigaji," alisema. "Mjomba alitufundisha mdundo ule mmoja kwa wiki tatu. Hatuna mwingine."

Nikamwachia shati.

Akanieleza kwamba kuna watu walikuwa wamekuja Chiwata kutoka Liwale na maji ya dawa, ya kuigeuza risasi ya Mdachi kuwa mvua. Chiwata walikuwa wameyanywa. Sadallah naye aliyanywa, mbele za watu. Kisha akaenda nyumbani akakaa siku mbili bila kusema, na siku ya tatu akawafungia wapwa zake ndani akaanza kuwafundisha ngoma. Aliwaambia ukoo wake umebaki na mbegu mbili tu, ni wao, na mbegu haichezewi. Kaeni huko juu kwa watu wa Makote. Hata mkisikia nini, msishuke.

"Na Sijaona?" niliuliza. "Alimtaka wa nini?"

"Yeye ndiye peke yake aliyebaki anayejua mdundo wa kuita vita," alisema Yohana. "Vijiji vimesahau. Watu hawatoki bila kuusikia."

Hivyo ndivyo tulivyopimwa, sisi tuliodhani ndio tunaopima. Sadallah alikuwa amechukua mzee asiye na ukoo, akamweka mahali ambapo risasi zitapita, na badala yake akaficha watoto wa dada yake kwenye uvungu wetu. Alitupa mizigo yake tumtunzie, nasi tukamshukuru kwa kuku.

Nilitaka kumlaani Sadallah, nikakosa haki. Yeye alikuwa amefanya unyama kwa kuwapenda wapwa zake. Mimi nilifanya wangu kwa kupenda kukaa mbele.

Siku mbili baadaye tulisimama ukingoni mwa genge tukaona moshi mrefu upande wa Masasi. Siku ya tatu akaja mjumbe wa Sadallah, amefunga ukindu kichwani, na kibuyu cha maji ya dawa ubavuni. Hakuleta utani. Watani wakikosa utani ujue kuna kaburi linachimbwa.

Alizungumza uani kwa Mjomba, mahali palepale. Chiwata imetoka, vijiji vya bondeni vimetoka, Makote wanangoja nini? Mjomba akamuuliza habari za Sijaona. Mjumbe akatema mate kando.

Yule mzee wenu, alisema, amekataa. Wamempa msondo, wamempa chakula, wamempa mjeledi. Anakaa na mikono kwapani. Anasema aliwahi kuupiga mdundo ule mara moja, akazika watu wote waliouitikia, na hataupiga tena kwa kijiji kisicho chake. Kwa hiyo wamemfunga kwenye nguzo ya ghala. Makote wakinywa maji na kushuka, atafunguliwa aje kwa watu wake, na huenda akiwaona atapiga. Makote wakikataa, basi ni adui, na mtu wa adui hakai amefungwa siku nyingi.

Stamili alikuwa nyuma ya ua wa mabua. Nilimjua kwa pumzi.

Wazee walianza kugombana. Walionusurika na Magwangwara hawakutaka vita. Waliofiwa na wana kwenye pamba ya akida walitaka kushuka leo hii. Sauti zikapanda. Mjomba akainua mkono.

"Mnagombana nini, na mizimu ya kwenu iko macho?" alisema. "Unga ule umesimama siku kumi na tisa. Wamekwisha kutuonyesha kwamba hawatuachi. Tuwaulize tena. Ukisimama, tunakunywa na tunashuka sote. Ukianguka, tunabaki."

Wakaketi. Nani angebishana na unga uliogeuka jiwe? Vijana arobaini wa kijiji chetu, na wana wao walio migongoni, waliwekwa juu ya mate yangu.

Nilifungua mdomo niseme. Wallahi niliufungua. Nikaona uso wa Mjomba unavyong'aa, na wazee walioniamini, na Yohana na Mrisho waliojikunyata mlangoni, ambao watu wangewararua mara tu wangejua. Nikaufunga. Katika maisha yangu yote huo ndio mlango niliokuwa hodari wa kuufunga.

Alfajiri nilikwenda kwa mama. Jiwe la kusagia lilikuwa limekwisha kunyamaza. Alikuwa amekaa chini, kikapu cha unga miguuni, na kando ya kikapu kulikuwa na kibuyu. Nilikitambua kwa ukanda wake. Kilikuwa kile cha mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia marahaba. Alisema, "Siku ile unga ulinishika vidole. Nilisema moyoni, labda ni umande. Mama hutafuta umande popote. Jana usiku mkeo akaja kuniuliza kama kibuyu chake kilipita hapa."

Nikakaa chini.

"Mimi nilikuwa na nusu ya habari, yeye ana nusu yake," aliendelea. "Tukaziunganisha. Nilidhani ataanza kupiga kelele. Hakupiga. Alishuka bondeni usiku uleule, kabla ya foleni, akarudi mbio, akakijaza hiki. Akaniambia nisikwambie neno, nikukabidhi tu."

Nikaelewa alichotaka Stamili. Baba yake alikuwa amefungwa kwenye nguzo, na kamba ile mimi niliisokota kwa maji. Alitaka niifungue kwa maji yaleyale.

"Na wewe, Mama, unataka nini?"

Mama alitazama mikono yake, nyeupe hadi vifundoni.

"Mimi nimezalisha nusu ya vijana wa Makote kwa mikono hii," alisema. "Sijui risasi hugeuka nini. Ninajua unga mkavu haujui uongo. Ukianguka umeanguka, na Sijaona amekwisha. Ukiupa maji, nitaumimina, maana nimekwisha kuumimina mara moja, na mchawi ni mchawi. Lakini safari hii nitakuwa najua, na wewe utajua kwamba najua."

Akasukuma vyote viwili mbele yangu, kikapu na kibuyu, akageuka akatazama ukuta.

Nilizibua kibuyu. Maji yalikuwa bado na ubaridi wa bonde na punje za mchanga. Nikajaza mdomo. Unga ulikuwa magotini pangu, mweupe, mkavu, umetulia kama uso wa mtu aliyelala.

Nje, Mjomba alikohoa. Nikasikia nyayo za wazee, na nyingine nyepesi nyuma yao ambazo zilikuwa za mke wangu.

"Bwanali," aliita Mjomba, "unga uko tayari?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Sikuweza kuitika.